Kiti cha Mbele Tumekuachia

Baba Thembi,

Kwetu barua huanza kwa kuulizana hali, kisha mtu anasema na yeye hajambo, wasiwasi ni kwako tu. Nimekaa hapa mezani tangu asubuhi nikishindwa na mwanzo huo. Nikikuuliza hali nitaonekana nakutania. Nikisema sijambo nitakuwa muongo, na uongo wangu wewe ulikuwa unaunusa hata mimi nikiwa jikoni na wewe uko nje unaosha gari. Basi nianze na mbwa, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza.

Muhogo hajambo. Ndevu zimeota mvi, na mguu wa nyuma unamsumbua asubuhi za baridi, lakini chakula anakula vizuri kuliko mimi. Bado analala mlango wa nyuma, juu ya viatu vyako vya kutembelea. Nilivihamisha, akavifuata. Nikavihamisha tena, akavifuata tena. Sasa nimeacha.

Nakumbuka siku ulipomleta hapa Joburg, nyumbani Turffontein, umemficha ndani ya koti kama mwizi wa kuku. Nilikuambia sitaki mbwa ndani ya nyumba yangu, na kama ni lazima awepo, basi asiitwe jina la chakula. Ukamgeuzageuza mkononi, mrefu, mwembamba, mweupe wa kuchafuka, ukasema, "Hebu mwangalie mwenyewe. Ungemwitaje huyu?" Nikanuna siku nzima. Jina likabaki.

Ulikuwa unajua nimelelewa na nani. Bibi yangu mzaa mama, pale Morogoro, alikuwa mtu wa swala tano. Kwake mbwa ni wa nje, wa kulinda, na akikugusa na ile pua yake ya majimaji unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mimi baadaye nikaolewa kanisani, lakini ngozi haikusahau. Nilimpikia Muhogo, nilimtilia maji, nilimfokea, lakini kumshika sikumshika. Kamba yake ilikuwa kazi yako. Na nilipomwambia dada yangu kwenye simu kwamba siku hizi kila Jumamosi tunaendesha gari zaidi ya saa nzima ili mbwa akatembee, aliuliza kama mbwa mwenyewe hana miguu.

Nilicheka naye, lakini Jumamosi ikifika mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kufunga chapati kwenye kitambaa. Mahali penyewe pana jina la Kizungu refu, wewe hukulitaja hata siku moja. Ulisema "Bondeni", na mimi nikasema Bondeni. Tunatoka kwenye lami, tunapita mikaratusi, vumbi linaanza, halafu milima inajikunja na chini yake unauona mto, mwembamba, na kijiji kimekaa kandokando: kanisa, duka, nyumba za mabati mekundu. Muhogo alikuwa anaanza kulia kabla hata hatujafika kwenye mikaratusi. Nilikuwa nakuuliza, huyu amejuaje, na wewe unajibu, "Amejua kama wewe unavyojua kuwa ni sikukuu."

Ulizijua njia zote za pale ambazo mbwa anaruhusiwa. Ile fupi ya kando ya mto, chini ya mierebi, mpaka kwenye kinu cha zamani. Hiyo mbwa anaachiwa huru. Ile ndefu ya kupanda kilima, hapo kuna kondoo, kamba haitoki mkononi, na geti unalifunga kama ulivyolikuta. Ile ya katikati inayopita kwenye miti ya pichi, yule bwana mwenye shamba anataka mbwa apite upande wa ukuta tu. Kila penye ruhusa wameweka jiwe lenye unyayo wa mbwa uliochorwa kwa rangi nyeupe. Ulikuwa unaligusa kila jiwe kwa ncha ya kiatu ukipita. Mimi nilidhani ni mchezo.

Na yule bibi wa Kizungu mwenye meza za chai barazani kwake, unamkumbuka? Maji ya mbwa yanaletwa kwanza, kisha ndiyo watu wanaulizwa wanakunywa nini. Alimjua Muhogo kwa jina, ingawa alilitamka anavyojua yeye. Jina langu hakuwahi kulishika. Nilikuwa "mama yake Muhogo", na wewe ulikuwa unacheka mpaka chai inakupalia. Nikasema sawa, nimevuka mipaka yote hii kutoka Morogoro ili nije kuitwa mama wa mbwa. Ukasema, "Wengine tuliitwa vibaya zaidi hapa hapa." Nilidhani nawe unatania.

Siku hiyo hiyo ndipo uliponiambia. Tulikuwa kwenye daraja la mbao, Muhogo anaogelea chini, na wewe ukakunja suruali ukanionyesha lile kovu kwenye shavu la mguu. Nililijua lile kovu miaka yote ya ndoa yetu. Nililikuta tayari, tangu ulipokuwa kijana mkimbizi wa siasa pale Morogoro, unaleta suruali kwa shangazi yangu fundi zikatwe urefu, na mimi ndiye napima. Ulikuwa umesema ni waya. Kumbe ni mbwa. Kumbe baba yako alifanya kazi kwenye shamba la hapo bondeni, na ninyi watoto mkikatiza njia ya mtoni kwenda shule, mwenye shamba anawafungulia mbwa. Halafu mkafukuzwa wote, na vyombo vyenu kwenye trekta.

Nilikuuliza, sasa mbona tunakuja huku? Mimi ningekuwa wewe nisingekanyaga. Ukamtazama Muhogo anavyojikung'uta maji, ukasema, "Njia hii niliijua kwa kukimbia tu. Nataka niijue kwa kutembea." Ukakunjua suruali. Hukulizungumza tena, na mimi sikukuuliza. Tangu siku hiyo nilikuwa nikikuona unagusa lile jiwe lenye unyayo wa mbwa, natazama pembeni ili usinione macho.

Ile Jumamosi ya mwisho, nieleze nini ambacho wewe hukujua? Ulikuwa mwezi wa tano, majani ya ile miti mirefu ya mipopla yamekuwa ya njano, asubuhi ina baridi ya kuuma masikio. Tulichukua njia fupi. Wewe uliichagua, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana wewe na njia fupi wapi na wapi. Tulifika kwenye yale mawe ya kuvukia mto. Ukakaa kwenye jiwe kubwa kama mtu anayetaka kufunga kamba za kiatu. Ukaninyooshea ile kamba ya mbwa. "Mshike kidogo, Mama Thembi."

Nikaishika, mimi ambaye sikuwahi kuishika. Mkono mmoja kamba, mkono mwingine wewe ukaushika, ukauminya, halafu hukuuminya tena. Baba Thembi, niliita. Nililiita jina lako lote, la ukoo na la ubatizo. Muhogo alilala chini ukingoni, kidevu juu ya kiatu chako, wala hakubweka. Watu wa kijiji walikuja, gari la wagonjwa likaja baadaye likiruka mashimo, wakakupandisha, tukaenda hospitali, na huko daktari kijana akaandika karatasi. Akaandika mahali, akaandika saa. Sikumbishia. Ningembishia na nini?

Halafu mimi nikawekwa kwenye godoro. Desturi zenu nilizijua kwa kuziona kwa wenzangu, sasa zikawa zangu: mjane anakaa chini kwenye godoro, amejifunika, watu wanakuja wanalia naye, haulizwi neno la mipango. Kwetu pia mjane anawekwa ndani, kwa hiyo sikuona ajabu. Kwenye godoro nikasikia wadogo zako wanarudi na wifi yangu, dada yako mkubwa, Nokuthula. Walikuwa wamekwenda hospitali na tawi la ule mti wa miiba, mnaouita umlahlankosi, ambalo kwenu hubeba roho ya mtu kutoka alipofia mpaka nyumbani, wakakuita pale kitandani, wakakuambia tunakupeleka nyumbani, wakakuzungumzisha njia nzima mpaka sebuleni. Tawi likawekwa kwenye kona. Nililitazama lile tawi. Miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mmoja umepinda, na majani yale yale yanayong'aa. Nikajua ni ndugu wa mkunazi wetu. Majani ya mkunazi bibi yangu ndiyo aliyokuwa anaoshea maiti. Nikasema moyoni, kumbe tumefarijiwa na mti mmoja.

Na nikaamini. Ulitaka nisiamini? Kila asubuhi nilikuwa naiambia ile kona habari za nyumba. Geti linakwaruza, umeme umekatika, Thembi amepewa nafasi nzuri kazini kwake Braamfontein. Nilikuwa naiambia kwa Kiswahili, maana tangu uondoke sina mwingine wa kuongea naye hicho. Mama Beya, fundi wangu kule Rosettenville, ni mtu wa Lubumbashi, na cha kwao ni kitamu lakini si kile chetu. Anaponipima nguo ananiuliza mambo, namjibu, tunacheka, halafu nikifika nyumbani naona bado sijaongea. Na Thembi unamjua. Namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Nikimkasirikia, anahamia Kizulu. Tulivyokuwa tunagombana kuhusu hilo, wewe na mimi! Nilikuwa nasema umemwacha mtoto mpaka lugha ya mama yake imepotea, na wewe unasema, "Haijapotea, imelala. Kitu kilicholala hakipigwi teke." Nikaona unajitetea tu.

Mwaka ukaisha, nguo nyeusi nikazivua. Mwezi wa nane, ule upepo wa Joburg unaobeba vumbi la jiji zima, wifi Nokuthula akaja kunitembelea. Tulikuwa jikoni na chai. Akamwona Muhogo amelala juu ya viatu vyako, ndipo akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mwaka mzima.

"Alipoanguka, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye, wifi. Amenishika mkono."

"Akasema nini?"

"Akasema nimshike mbwa."

"Na hospitali? Hospitali alisema nini?"

"Hospitali hakusema kitu. Tulikwenda na mwili tu. Yeye alikata roho pale pale, kwenye mawe ya mtoni."

Akaweka kikombe chini. Unamjua dada yako, hana haraka na maneno. "Mama Thembi," akasema, "sisi tulikwenda hospitali."

"Najua."

"Tulimwita kitandani."

"Najua, wifi."

"Sasa tulimleta nani?"

Sikuwalaumu ndugu zako, wala leo siwalaumu. Karatasi ilisema hospitali, wakaenda hospitali. Ninyi mmekulia katika nchi ambayo mtu alitakiwa kuonyesha karatasi ili aruhusiwe hata kusimama barabarani. Karatasi ikisema mahali fulani, mnaogopa kuibishia. Na mimi niliyejua nilikuwa kwenye godoro, na wa kwenye godoro haulizwi. Lakini niliumia, Baba Thembi. Niliumia kuliko siku ya mazishi. Mwaka mzima nilikuwa naongea na ukuta, na wewe mwaka mzima uko kule mtoni, umekaa juu ya jiwe, unasubiri, kwenye njia ile ile walikokufukuza kwa mbwa. Umepigwa na mvua, umepigwa na baridi, na mimi huku najifunika blanketi mbili.

Wifi alisema urudiwe, na mapema. Nikasema basi aende yeye, au wadogo zako, ndio wenye ukoo. Akapiga goti lake lile bovu, akasema halitaweza yale mawe, na ukoo ni yeye na yeye ameamua: niende mimi. "Wewe ndiye uliyemshika mkono. Umzungumzishe njia nzima. Kila mkikata kona umwambie, mkivuka mto umwambie. Usimjibu mtu mwingine yeyote mpaka umfikishe. Na kwenye gari aachiwe kiti chake."

Nikasema, "Kwa Kizulu changu hiki? Si atapotea?"

Akaniuliza, "Ninyi wawili, mkiwa peke yenu, mlikuwa mnaongea nini?"

"Kiswahili."

"Basi mwite kwa hicho."

Mwezi wa tisa tukaenda. Thembi aliomba ruhusa kazini, akaendesha yeye. Mimi nilikaa nyuma na Muhogo, kamba mkononi, na wifi alikuwa amenipa tawi bichi, nimelifunga kwenye kanga. Kiti cha mbele tulikuachia wewe tangu asubuhi, kikiwa kitupu bado. Sikuwa nimerudi Bondeni tangu siku ile. Mapichi yalikuwa yametoa maua, na mimi nikayakasirikia.

Nitakuambia ukweli, nilikuwa nategemea makubwa kwa Muhogo. Nilidhani tukifika atakimbilia lile jiwe, atalia, atanionyesha ulipo. Hakufanya hivyo. Alinusa jiwe, akainua mguu kwenye nyasi za pembeni, akanywa maji ya mto, akakaa ananitazama tutaondoka saa ngapi. Mbwa ni mbwa. Nikabaki mimi na tawi langu, na Thembi amesimama nyuma kidogo, amefumbata mikono. Nikakaa kwenye lile jiwe. Nikaweka tawi pale ulipokuwa umekaa. Nikasema, "Baba Thembi, ni mimi. Samahani tumechelewa, walikufuata mahali pasipo pako. Inuka twende nyumbani." Sauti ilikuwa ndogo, mto ukaimeza. Nikairudia kwa nguvu. Kuna wazungu wawili walikuwa wanapita na mbwa wao mnene, wakanisalimia, nikakaa kama siwaoni. Mama yake Muhogo amekuwa mkorofi, watakuwa walisema.

Halafu nikaanza kukuambia njia. Tunapita chini ya mierebi, inama. Hili ni lile daraja, sitasema kitu hapa, pita tu. Hili ni jiwe lako la unyayo, liguse. Yule ni bibi wa chai, amesimama barazani, ametuona, ameingia ndani, ametoka na bakuli la maji la mbwa, leo hatusimami. Tulipofika kwenye gari, Thembi alifungua mlango wa mbele, akasubiri, akaufunga. Kisha akazunguka akakaa kwenye usukani, akanyoosha mkono, akavuta mkanda wa kile kiti kitupu na kuufunga. Nilitaka kucheka, maana wewe na mkanda wa gari mlikuwa maadui. Ndipo nikaona anaukagua ule mkanda mara ya pili, nikaacha.

Niliongea, mume wangu. Vumbi limekwisha, hii ni lami. Mikaratusi hiyo, kulia kwako. Pale ndipo uliposimamisha gari tukagombana kuhusu ramani, na wewe ndiye uliyekosea, lakini nimesamehe. Hapa unanunuaga machungwa, na yule muuzaji bado yupo. Kwenye mteremko polisi walikuwa wamefunga njia. Askari kijana akainama dirishani kwa Thembi kuomba leseni, akageuka nyuma, akanisalimia kwa adabu. Sikumjibu. Akanisalimia tena, akaliona tawi. Kisha akatazama kiti cha mbele na ule mkanda uliofungwa juu ya hewa. Akavua kofia. Thembi akamwambia kwa Kizulu, tunamrudisha baba. Akasema, "Mwende polepole," akasimamisha gari za upande wa pili mpaka tukapita.

Jiji likaanza. Nikakuambia robot ya kwanza, taa ni nyekundu, tulia. Nikakuonyesha majengo ya Braamfontein, nikakuambia pale ndipo mwanao anafanya kazi, ghorofa ya juu, ana dirisha lake. Nikakuambia Booysens hiyo, tunashuka kutoka barabara kuu. Huu ni uwanja wa farasi, unakumbuka ulivyosema siku ukistaafu utakuwa unakwenda kuwatazama tu bila kucheza kamari, na mimi sikuamini hata neno moja? Hapa kona. Hapa spaza, kile kiduka cha yule Mhabeshi. Hapa ndipo Muhogo alipoumwa na yule paka. Sauti ilikuwa imekauka kabisa.

Tulipofika nilishuka na tawi, nikasimama nje. Nikasema, "Tumefika. Hili ndilo geti lako, hukulitengeneza mpaka umeondoka." Wifi alikuwa mlangoni anatusubiri, maji ya kunawa yapo kwenye beseni. Ilibaki nikukaribishe ndani, basi. Neno halikutoka. Njia yote ile nimesema, nimesema mpaka koo limechubuka, na pale kwenye hatua za mwisho nikawa bubu. Nililia tu, nimeshika tawi mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono mwingine, nikajua nitakuacha nje ya geti lako mwenyewe.

Thembi akazunguka gari. Akafungua mkanda, akafungua mlango wa mbele wote, kama mtu anavyomfungulia mzee. Akasema, "Karibu nyumbani, baba. Pole na safari. Twende ndani, mama amechoka."

Kwa Kiswahili, Baba Thembi. Na si Kiswahili changu. Kilikuwa chako, kile cha kuburuta mwisho wa neno kama Mzulu, kile nilichokucheka tangu siku ya kwanza unaleta suruali kwa shangazi. Kilikuwa kimelala ndani yake muda wote, kama ulivyosema, na njia nzima kutoka mtoni nilidhani nakuambia wewe peke yako, kumbe na yeye alikuwa anasikia. Nikaingia nyuma yake. Tawi nikaliweka kwenye kona.

Sasa upo. Asubuhi nakuambia habari za nyumba na siongei na ukuta. Haipunguzi kitu, usidhani. Upande wako wa kitanda ni baridi vile vile, na kuna siku napika kwa ajili ya wawili, nakaa natazama sahani ya pili mpaka inapoa. Wanasema nishukuru, nimekufikisha. Nashukuru, na nalia, vyote pamoja.

Kesho ni Jumamosi. Muhogo ataamka kwa shida, atasimama kwenye mlango wa gari kama kawaida yake, na Thembi amesema atatupeleka. Njia fupi tu, kwa sababu ya ule mguu wake. Wewe baki, pumzika, umetembea vya kutosha. Uliniambia nimshike kidogo. Bado nimemshika.

Mkeo,
Mama Thembi